Fundi Aliyeuliza Nani Kamwaga

Baba yangu alikuwa na baiskeli moja maisha yake yote, na tyubu ya gurudumu la nyuma ilikuwa hiyo hiyo moja. Aliiziba, akaiziba, mpaka viraka vikawa vingi kuliko tyubu yenyewe. Tulikaa Mpitimbi wakati ule. Akijaza maharage kwenye gunia, analifunga nyuma kwa kamba ya katani, anakwenda nayo Songea kwa rafiki yake mmoja, Mwislamu wa Tunduru, aliyekuwa anauza chumvi na vitambaa. Mimi nakaa mbele kwenye bomba la baiskeli, makalio yanakufa ganzi. Njia nzima tunashuka na kupanda, tunashuka na kupuliza.

Yule rafiki alimwambia siku moja, "Bwana, tyubu hii inakuomba ruhusa ya kufa. Ipe."

Baba akasema, "Ikifa, maharage utayabeba wewe?"

"Inshallah utapata nyingine."

"Basi nikishapata nyingine ndipo nitaizika hii."

Wakacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, maana nilikuwa najua nani atashika pampu wakati wa kurudi.

Baba alipofariki, kaka alichukua baiskeli. Mimi nikapata ile tyubu, kwa sababu kaka aliweka mpya na hii akaitupa, nami nikaiokota. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, msinitake nieleze kwa nini mtu anaokota tyubu iliyokufa. Niliiokota. Nilipohamia Mshangano, pembezoni mwa Songea, na kujenga nyumba yangu hii ya tofali za kuchoma, niliitundika kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni. Ikakaa hapo miaka, kuku wanalala chini yake.

Sasa siku moja akaja mtu amevaa koti zito la baridi, na ilikuwa jua kali. Hakupiga hodi. Alikuwa anatengeneza bomba la jirani yangu wa upande wa chini. Akatazama msumari, akatungua tyubu ya baba, akatoa kisu, akaanza kuikata vipande virefu kama mkeka unaofumuliwa. Mbele yangu! Nimekaa kwenye kigoda changu, kikombe cha chai mkononi.

Nikasema, "Wewe! Hiyo ni ya marehemu baba yangu!"

Akasema, "Marehemu anaendesha nini sasa hivi?"

Ndivyo nilivyomfahamu fundi. Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza, na nyingine zimekuja juu yake. Watu wa hapa wakimtaja wanasema, aah, yule mzee alikuwa mtu mzuri, alitusaidia sana wanyonge. Alisaidia, sikatai. Mimi nitasema yote, na alivyosaidia nitasema, lakini msitegemee niseme kwa sauti ya msibani. Kona ya chumba changu cha kulala imeshikiliwa na gogo la mti na kipande cha bati wakati naandika haya. Upepo ukija, bati linapiga makofi.

Kazi yake ilikuwa mabomba ya maji machafu. Ya maji safi hakuyataka. Alisema maji safi yana wenyewe na ofisi zao, machafu hayana ndugu. Siku hizi kila mtu anataka bafu ndani ya nyumba. Zamani bafu ilikuwa matete na mawe manne huko nyuma, ukimaliza kuoga maji yanakwenda kwenye migomba, nani atamwita fundi? Leo unaweka bafu katikati ya nyumba kama moyo, bomba linapita chini ya sebule, chini ya chumba, linatokea upande wa pili kwenye shimo. Unapiga sakafu juu yake, unapaka rangi nyekundu, unasahau. Na hayo mabomba yenyewe! Kuna mabomba yanauzwa siku hizi membamba kama ganda la yai. Ukiligonga kwa kidole linalia kama debe. Muuzaji anakwambia, mzee hili ni imara, miaka hamsini. Yeye mwenyewe ana miaka ishirini, hiyo hamsini ameiona wapi? Wezi tu.

Fundi alikuwa na njia zake za watu wasio na hela, na hapo nitamsifu hata kama mate yanakuwa machungu.

Bomba likipasuka ufa mfupi, hakulibadilisha. Alilifuta likakauka kabisa, akalikwaruza kwa msasa, akapaka gundi, akalizungushia vipande vya tyubu akivivuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka, halafu juu yake saruji na mchanga na kipande cha wavu wa kuku ili saruji ishike. Bomba la jirani yangu lililofungwa na tyubu ya baba linapitisha maji mpaka leo. Kila jirani akioga, nasikia uchungu.

Kama bomba limekatika, hakukwambia nenda dukani ukanunue soketi ya kuunganishia. Alikaa kwenye jiko la mkaa la mama mwenye nyumba, akalizungusha bomba kwenye ncha yake juu ya makaa kama anachoma hindi, polepole, lisiungue, mpaka likalegea, halafu akalisukumia kwenye bomba jingine. Likapanuka, likameza mwenzake, likapoa, likang'ang'ana. Mteremko aliupima kwa chupa ya soda yenye maji nusu. Anailaza juu ya bomba, anachungulia maji yameegemea wapi. Nilimwona akifukua kazi ya siku nzima kwa sababu maji ya chupa yamelala sawasawa. Alitukana udongo, akatukana chupa.

Na kubwa kuliko zote: alikataa kuvunja sakafu. Mafundi wengine wakija, kitu cha kwanza wanaomba nyundo na tindo, wanakuvunjia sebule mpaka inafanana na shamba la viazi, halafu saruji ya kurudishia unalia. Yeye alisema, "Bomba likifia chini ya nyumba, liache lilale huko huko. Mfu hafukuliwi." Alichimba nje tu, upande linapoingia na upande linapotokea, akaziba midomo yote miwili kwa mawe na saruji, akatoboa ukuta wa bafu tundu moja karibu na sakafu, na bomba jipya akalizungusha nje ya nyumba mpaka kwenye shimo. Bomba tu, saruji kidogo, na jasho. Watu wengi wa Mshangano wangekuwa bado wanakanyaga matope sebuleni kama si yeye.

Basi, mtasema, mzee, ugomvi wako ni nini?

Ugomvi wangu ni kesi zake.

Huyu mtu hakushika sururu mpaka kwanza aendeshe kesi. Ukimwita, anakuja, anaweka gunia lake chini, anasimama katikati ya uwanja na kupiga kelele: "Nani kamwaga? Nani kamwaga nini?" Hakusalimu. Na lazima watoke wote. Baba mwenye nyumba, mama, wapangaji, watoto, mgeni aliyefika jana na basi, wote wasimame, kila mmoja aseme kwa kinywa chake anamwaga nini kwenye bomba. Alikuwa na msemo wake, "Bomba halivunjiki, linavunjwa." Na mwingine, "Ukishamjua aliyevunja, nusu ya kazi imekwisha." Ukikataa kusema, anakaa juu ya gunia lake anachezea kifuniko cha chupa. Anaweza kukaa mpaka jua linapinda. Na wewe uvundo unakusonga, mwisho unasema.

Nyumba moja kule karibu na mjini, ya mtumishi mmoja wa serikali aliyehamia kutoka kaskazini, mtu mkubwa na shati la kuchomekea, alimwambia, "Mzee, nimekuita utengeneze, sio unihoji." Fundi akamjibu, "Haya, nitengeneze nini? Sijui." Akakaa. Yule bwana akaingia ndani, akatoka, akaingia, akatoka. Mwisho mkewe akasema ni yeye, anasugulia masufuria kwa mchanga na majivu, halafu anasuuzia bafuni. Mchanga umejaa kwenye kona ya bomba, maji yamerudi nyuma, kiungo kimeachia. Fundi akainuka. "Ungesema asubuhi, saa hizi mngekuwa mnaoga." Yule bwana mwenyewe alikuja kucheka baadaye, wakawa marafiki, alikuwa anamletea fundi koti lake la zamani kila alipopata jipya. Hiyo iliisha vizuri.

Lakini ya jogoo haikuisha vizuri. Kulikuwa na nyumba mbili, zinapakana kwa ua wa matete, wanawake wake walikuwa wanasukana nywele, wanapeana moto, wanapeana chumvi. Bomba la mmoja likaziba, likapasuka. Fundi akaja na kesi yake. Kila mtu akasema: sabuni, maji ya kuogea, maji ya kuoshea mchele. Fundi akatikisa kichwa. "Kuna mtu hajasema." Akaingiza waya mrefu kwenye bomba, akavuta. Likatoka bonge la manyoya ya kuku. Manyoya meusi yenye madoa meupe. Na jirani yuko hapo hapo kwenye ua, kidevu juu ya matete, anatazama.

"Hayo madoa," akasema jirani, "nayajua."

Jogoo wake alipotea wiki ya mazishi ya mama mmoja wa mtaani, na waliomboleza wote wawili, wakamtafuta jogoo wote wawili! Mwenye bomba alikuwa anamwita huku na huku, kurukuru, kurukuru, na huku jogoo yuko tumboni mwake, kanyonyolewa bafuni kwa maji ya moto mlango umefungwa. Hapo ikawa vita. Ua wa matete ulilala chini. Na fundi? Fundi alikuwa ameinama anapaka gundi. Nikamwambia, maana na mimi nilikwenda kutazama, "Fundi, umewagombanisha watu wa miaka yote hii." Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nimezibua." Bomba lile halijaziba tena, na wale wanawake hawasalimiani mpaka leo. Mmoja akienda kisimani mwingine anarudi na ndoo tupu. Niambieni, kipi kilikuwa ghali, bomba au hao?

Alikuwa mtu wa ajabu kwa mambo mengine. Kwa watu alikuwa mkali kama pilipili, kwa bomba alikuwa mpole. Alilala kifudifudi sebuleni kwa watu, sikio kwenye sakafu, macho amefumba, anamwambia mtu amwage kikombe kimoja cha maji bafuni, halafu anatambaa anafuatisha sauti. "Hapa linalia," anasema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Simu yake aliizima ili betri isiishe, sasa simu iliyozimwa ni ya nini? Ukimtaka ni kumtuma mtu wa bodaboda akamtafute. Wauza pombe aliwasema vibaya mchana kutwa, na jioni unamkuta kwenye benchi la mbele kabisa. Hakula kwenye nyumba anayofanya kazi, hata ukimpikia ugali na mboga ya maboga inanukia mpaka barabarani. Alinawa kwa majivu, akaenda kula kwake. Nilidhani ni dharau. Wengine walisema ni usafi. Sijui.

Sasa nifike kwangu.

Mke wangu anapika pombe ya kuuza. Sio siri, mji mzima unajua, na pombe ile ndiyo iliyoezeka nyumba hii bati. Lakini kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze kwa wasiolijua. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume, kwetu sisi, hawakaribiani. Hawakai meza moja, hawatazamani usoni, hawatajiani mambo ya mwili. Wa mjini wameshaacha, wanapiga hata picha wamekumbatiana. Mke wangu hajaacha. Mume wa binti yetu, kijana mwenye pikipiki, akija hapa mke wangu anaingia chumbani, wanasalimiana kwa kupitia ukuta. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, watoto hawajambo?" Basi. Yule kijana hajawahi kuoga kwetu hata siku moja. Akilala hapa, anakwenda kuoga kwa rafiki yake. Ndiyo heshima yao, na wameilinda wote wawili vizuri, na mimi naipenda.

Ukuta wa chumba chetu ulianza kupasuka chini, kwenye kona. Kwanza mwembamba kama unywele, halafu kidole kinaingia. Sakafu ikawa na unyevu hata kiangazi, udongo wa nje ya kona unabonyea kama uji. Bomba limekufa chini ya chumba, maji yanakula msingi. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima. Nyumba ya tofali zilizoshikwa na udongo, msingi ukilowa kabla ya mvua, mvua ikija unaisindikiza tu. Mimi ni mzee, nyumba nyingine sijengi.

Nikamtuma mkwe amlete fundi. Akamleta kwenye pikipiki, na bomba jipya la inchi nne wamelibeba begani kama wawindaji na chatu. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, fundi hakufanya kesi kwanza. Alitazama ule ufa, akatazama mawingu, akashika sururu. Nikasema moyoni, afadhali, amezeeka, ameacha ujinga. Wakachimba yeye na mkwe, pale bomba linapotokea, mpaka shimo likamfika fundi kwenye mapaja. Akaingiza mkono chini ya msingi. Akatoa kipande cha bomba.

Kilikuwa hakijapasuka. Kilikuwa kimelegea, kimelala bapa kama soksi iliyovuliwa. Na ndani yake machicha ya pombe.

Fundi akakigeuzageuza. Nikaona uso wake unabadilika, nikajua. Nikamwahi. "Ni mimi," nikasema. "Nimemwaga mimi."

"Umemwaga nini?"

"Vitu vya moto."

"Vitu gani?"

"Fundi, nimeshasema ni mimi. Chimba."

"Mzee, wewe hata chai unapikiwa. Uongo hauzibi bomba." Akainua sauti. "Nani kamwaga? Aje hapa aseme!"

Mkwe amesimama ukingoni mwa shimo, koleo mkononi, anatazama vidole vya miguu yake. Nikamwambia fundi kwa sauti ya chini, njoo pembeni, nitakueleza kila kitu, huyu ni mkwe, usifanye hivi. Akasema, kwa sauti ile ile ya uwanja mzima, "Bomba halina mkwe! Hili jipya nalo ni plastiki. Nikiliweka, likamwagiwa moto tena, litalala kama hili, na maji yatarudi kwenye kona hii hii. Nataka anayemwaga aniambie mwenyewe ni nini, ni moto kiasi gani, na kwa nini hamwagi nje. Siweki bomba juu ya maneno ya kuazima."

Labda alikuwa na haki juu ya plastiki. Lakini angeweza kuja pembeni! Hatua mbili tu! Na alikuwa anajua. Mtu huyu huyu nilimwona kwa macho yangu akimwona mama mkwe wake kwa mbali barabarani, akaliangusha bomba lililokuwa begani, akaingia kwenye mahindi ya watu akachuchumaa mpaka yule mama akapita. Ya kwake ilikuwa heshima, ya mke wangu ilikuwa maneno ya kuazima?

Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia na mengine ambayo hayaandikwi. Akakaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani, kama alivyozoea, anangoja. Mawingu yakanguruma. Mkwe akasema, "Baba, mimi niende kwanza, nitarudi jioni." Akaweka koleo chini, taratibu.

Ndipo dirisha la chumbani likafunguka kidogo, na pazia halikusogea.

"Ni mimi," mke wangu akasema. Sauti yake sikuijua. "Namwaga maji ya kusuuzia pipa la pombe, na machicha yake. Yanachemka. Namwaga bafuni mnapoogea kwa sababu nje kunateleza na goti langu limekufa, nilianguka mara ya kwanza nikakaa kwenye matope miguu wazi mpaka watoto wakaniokota. Ndiyo hayo. Mkwe wangu, unisamehe."

Mkwe aligeuka akaupa ukuta mgongo, akajifunika uso kwa kofia yake ya pikipiki. Niliona vidole vya mke wangu vimeshika nondo za dirisha.

Nikamgeukia fundi. "Haya! Umeshiba? Umeshajua mpaka goti lake! Shika sururu sasa!"

Fundi hakunitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea ule upande wa dirisha, mdomo wazi kidogo, kama anavyosikiliza bomba linalolia. Halafu akapanda kutoka kwenye shimo. Akaokota kijiti, akakwangua udongo kwenye sururu, vizuri, pande zote mbili. Akaitia kwenye gunia. Akatia msumeno, akatia chupa yake ya soda.

"Fundi, unakwenda wapi? Ukuta je?"

Akafunga gunia. "Hapa aliyevunja ni mimi," akasema kwa sauti ya chini.

Mke wangu akauliza kule ndani, "Baba Neema, mbona sisikii sururu? Nimeshasema."

Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Fundi akabeba gunia begani, akapita mbele ya mkwe akiwa ameinama, akapita kuku, akatoka kwenye ua. Nilimfuata mpaka njiani nikimtukana yeye na watu wake wote, majirani wakatoka kusikiliza. Hakugeuka. Akashika barabara ya kwenda mjini, mvua ikimpiga kwenye koti, na hakurudi tena.